Deni Lina Mahesabu Yake

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia vya Kiamaiko, Nairobi)

 

Nimeombwa nijibu swali moja. Swali lenyewe ni hili: mtu alikopa, akashindwa, akakubaliana na mkopeshaji awe analipa kidogo kidogo kila wiki. Sasa amechoka, na haoni mwisho. Je, anaweza kuacha mpango huo? Na akiacha, lile deni linaweza kudaiwa mahakamani au haliwezi?

Kabla sijajibu, niseme wazi kwamba sikuja kuwafundisha kukimbia madeni. Aliyekula cha mwenzake kwa makubaliano safi na arudishe. Neno hilo kanisa halilibadilishi. Lakini Nehemia sura ya 5 inatuonyesha kiongozi aliyekasirika alipoona maskini wamepoteza mashamba na watoto kwa sababu ya riba, na hakuwaambia wavumilie tu. Aliwaita wenye mali mbele ya mkutano akawadai majibu. Ndugu zetu Waislamu, ambao ni wengi hapa Kiamaiko kwenye biashara ya mbuzi, nao wana amri katika sura ya Al-Baqara kwamba deni liandikwe, na kwamba mwenye shida apewe nafasi. Basi kuuliza mahesabu ya deni si utovu wa heshima. Si makanisa yenyewe yalisimama miaka ya mwisho ya 1990, katika kampeni ya Yubile 2000, yakauliza madeni ya nchi maskini yalifikaje hapo yalipofika? Kama tuliweza kuuliza hayo kwa ajili ya serikali, hatuwezi kushindwa kuuliza kwa ajili ya mama anayeuza matumbo.

Hebu tuchukue mfano. Huu ni wa kutunga, lakini nafikiri wengine mtautambua.

Tuseme mama alikopa shilingi 30,000 kununua mbuzi na kulipia kibanda. Alilipa vizuri, kisha mvua ikaja. Mnakumbuka mafuriko ya Aprili na Mei 2024, na nyumba za kando ya mto Mathare zilizobomolewa baadaye. Vitu vilibebwa na maji, mikopo haikubebwa. Siku aliposhindwa, alikuwa amebakisha 18,000 ya ule mkopo wenyewe. Afisa wa mkopo akaja kwa upole na karatasi: weka sahihi hapa, uwe unalipa 300 kila wiki. Mama akashukuru Mungu. Kile ambacho hakusoma ni mstari wa chini, kwamba kila wiki deni likiwa halijaisha kunaongezwa 350.

Sasa tuhesabu pamoja. Kwa miaka miwili, yaani wiki 104, mama analipa 31,200. Katika wiki hizo hizo kumeongezwa 36,400. Alianza na 18,000, amelipa 31,200, na anadaiwa 23,200. Nisikize tena: amelipa zaidi ya deni lote, na deni limekua. Huyu mama hata akilipa mpaka wajukuu wake wazeeke, hamalizi. Mpango wa namna hiyo hauwezi kuitwa msaada. Ni kodi anayolipa kwa kuwa maskini.

Sheria inasemaje? Kwanza inauliza: aliyekukopesha ni nani? Kama ni benki, kuna kifungu cha 44A cha Sheria ya Mabenki, kilichoanza kazi mwaka 2007. Kinasema kwamba mkopo ukishaharibika, benki haiwezi kudai zaidi ya mambo matatu: ule mkopo uliokuwa umebaki siku hiyo, riba isiyozidi kiasi hicho hicho, na gharama za kufuatilia deni. Kwa maneno mengine, riba haiwezi kuwa kubwa kuliko mama yake. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 ziliweka mpaka wa namna hiyo hiyo kwa wakopeshaji wa simu.

Turudi kwa mama yetu. Mkopo uliobaki ulikuwa 18,000. Riba haipiti 18,000. Jumla 36,000. Amelipa 31,200. Amebakisha 4,800, na gharama halali kama zipo na kama wataonyesha risiti. Ona tofauti: 23,200 na 4,800. Tofauti hiyo ni karo ya mtoto, nayo imefichwa ndani ya karatasi ambayo hakuna mtu aliomba.

Wengine watakuja na ujanja wa majina. Watasema ile 350 si riba, ni faini, ni ada ya usimamizi, ni bima. Ndiyo sababu barua yako iombe kila shilingi iandikwe chini ya jina lake, na uombe pia nakala ya mkataba wa kwanza. Ukiwa na mkataba wa kwanza na taarifa ya malipo, mtu wa sheria atakuambia kwa nusu saa kama unadaiwa au unaibiwa. Ukienda bila karatasi, atakupa pole tu.

Na shailoki je? Yule anayekaa nyuma ya duka na daftari? Kwanza, hana haki ya kushika kitambulisho chako wala kadi yako ya benki na namba ya siri. Pili, marekebisho ya sheria ya Desemba 2024 yalipanua leseni ya Benki Kuu ifike kwa wakopeshaji wengine wasiopokea akiba, si wale wa simu peke yao. Kwa hiyo ni halali kabisa kumuuliza: leseni yako iko wapi? Lakini msidhani kwamba akikosa leseni basi hela zake ni zenu. Hilo ni la kupeleka kwa wakili.

Sasa nije kwa jambo la miaka 6, maana najua limezunguka sana mtaani, na limezunguka likiwa nusu.

Sheria ya Ukomo wa Madai, Sura ya 22, inasema deni la mkataba lidaiwe mahakamani ndani ya miaka 6 tangu siku mkopaji alipovunja mkataba. Miaka hiyo ikipita, mlango wa mahakama unafungwa. Hiyo ndiyo nusu mnayoijua. Nusu ya pili iko kifungu cha 23: ukikiri deni kwa maandishi yenye sahihi yako, au ukilipa sehemu yake, miaka 6 inaanza kuhesabiwa upya kutoka siku hiyo. Kwa hiyo mtu aliye ndani ya mpango wa kulipa 300 kila wiki anaanzisha saa upya kila wiki. Akiacha leo, hesabu yake inaanza na malipo ya mwisho, si na siku alipokopa. Asije akaniambia ati "nilikopa 2015, limekufa." Halijafa. Umekuwa ukilinywesha uji mwenyewe.

Lakini kuna mwingine. Huyu alikopa, akashindwa, malipo yake ya mwisho yalikuwa Machi 2018, hakuandika barua, hakuweka sahihi popote, na hakushtakiwa. Huyu miaka yake 6 iliisha Machi 2024. Sasa anapigiwa simu na kampuni ya kukusanya madeni, sauti tamu: "Mama, tuma hata mia mbili tu uonyeshe nia njema, tutakusamehe faini." Jamani, hiyo mia mbili inaweza kuwa ndiyo bei ya kufufua deni lote. Usitume. Usijibu kwa ujumbe wa "naomba mnipe muda nitalipa." Mwambie akuandikie: deni gani, la tarehe gani, malipo ya mwisho lini, na nani amempa ruhusa ya kulidai. Kisha upeleke karatasi hiyo kwa mtu wa sheria kabla ya kujibu.

Na hata kama miaka 6 imepita, ukiletewa wito wa mahakama, nenda! Hapa ndipo watu wetu huanguka. Mtu anasema "deni limezeeka," anaweka wito chini ya godoro. Mahakama haioni mtu, inatoa hukumu dhidi yake. Hukumu ikishatolewa ina umri wa miaka 12, na zile 6 zako hazina kazi tena. Hoja ya muda ni lazima uiseme mwenyewe, kwa maandishi, ndani ya siku zilizotajwa kwenye wito. Siku hizi madai mengi ya namna hii, yasiyozidi shilingi milioni 1, huenda Mahakama ya Madai Madogo, iliyofungua milango Milimani mwaka 2021. Pale unaweza kujisemea mwenyewe bila wakili, na kesi inatakiwa kuisha kwa siku 60. Msiiogope. Lakini mwendo wake ni wa haraka, mtu akilala siku kumi anaamka amehukumiwa.

Basi tujibu swali: je, naweza kuacha mpango?

Inategemea mpango umetoka wapi. Kama ni makubaliano kati yako na mkopeshaji tu, au mliandikiana kwa chifu, ni mapatano ya watu wawili. Chifu anaweza kupatanisha, hana mamlaka ya kuhukumu deni. Unaweza kusema sasa basi, tuhesabu upya. Lakini kama malipo yale ya kidogo kidogo yaliamriwa na mahakama baada ya hukumu, au yalipangwa na Mpokeaji Rasmi chini ya Sheria ya Ufilisi ya 2015, usiache hata wiki moja kwa kujiamulia. Rudi pale pale ulipopewa amri, ueleze kipato chako kimeshuka, uombe ipunguzwe.

Kabla ya kuacha yale makubaliano ya kawaida, kaa chini uangalie ni nini kitaguswa. Kuna rehani? Friji, pikipiki, kitabu cha gari? Kuna akiba yako ambayo mkopeshaji ameshika? Na zaidi ya yote, nani alikudhamini? Maana ukiacha Jumatatu, Jumanne watakuwa mlangoni kwa mdhamini wako, na huyo ndiye mnayeketi naye benchi moja kanisani. Mwendee kwanza. Asisikie kwa afisa wa mkopo.

Halafu andika barua. Sema umeomba mahesabu kamili na nakala ya mkataba, sema unasimamisha malipo mpaka upewe, na uweke maneno haya: "Barua hii si kukiri kwamba nadaiwa kiasi mnachotaja." Maneno hayo yana kazi, kwa sababu ya kile kifungu cha 23 nilichotaja. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri urudi nayo nyumbani. Na ile 300 uliyokuwa unalipa, usiinywe soda. Iweke kando kila wiki. Ikionekana unadaiwa 4,800, utailipa mara moja na kudai barua ya kumaliza deni.

Watakutisha, hilo mjue. Polisi hawakusanyi madeni. Kukopa na kushindwa kulipa si kosa la jinai, ingawa kuandika hundi ukijua haina pesa, au kukopa kwa uongo, ni jinai kweli. Wakopeshaji wa simu, tangu zile kanuni za 2022, hawaruhusiwi kukutukana, kukutisha, wala kupigia shemeji na mchungaji wako simu kwa kutumia majina waliyoyachota kwenye simu yako. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitoza kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000 kwa mambo ya namna hiyo. Kwa hiyo ukitukanwa, usifute ule ujumbe. Uhifadhi, ni ushahidi. Kuhusu CRB nitasema kwa ufupi: ukiacha kulipa deni linalozidi shilingi 1,000 unaweza kuandikwa, unatakiwa kupewa notisi ya siku 30 kwanza, na una haki ya ripoti moja ya bure kila mwaka. Kama unatafuta mkopo mwingine mwaka huu, lipime hilo.

Jela ya madai ipo kwenye sheria, mpaka miezi 6. Lakini mwaka 2010 Jaji Martha Koome, aliyekuja kuwa Jaji Mkuu, alikumbusha mahakama kwamba Kenya imetia sahihi mapatano ya kimataifa yanayokataza kumfunga mtu kwa sababu tu hana uwezo wa kutimiza mkataba. Ni lazima uitwe kwanza ujieleze, na ionekane kwamba unazo ukakataa. Hapa tena, anayefungwa mara nyingi ni yule ambaye hakwenda kujieleza.

Na madalali: dalali ni lazima awe na leseni chini ya Sheria ya Madalali ya 1996. Anakuja kwanza kuorodhesha vitu, anakuachia karatasi, na una siku 7 za kukomboa kabla hajachukua. Akija na lori bila karatasi, huyo si dalali. Na hata mwenye hukumu ya mahakama haruhusiwi kuchukua nguo, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya jamii, wala zana ambazo mtu anatumia kufanyia kazi yake. Mkaja na kisu chako cha kuchinjia na mizani, mkasema ni zana, mko sawa. Kumbukumbu la Torati sura ya 24 ilikataza zamani kushika jiwe la kusagia liwe rehani, na bunge letu, sijui kama lilijua, likaandika jambo lile lile.

Sasa nataka kusema neno ambalo halitawafurahisha wote.

Nyinyi pia ni wakopeshaji. Kila kikundi hapa kinakopesha wanachama wake, na vingine vimekopa nje kwa kudhaminiana. Mwenzenu akishindwa, nasikia kikundi kinaamka alfajiri, wanawake kumi, wanaenda kwake wanabeba meko ya gesi, televisheni na godoro. Mnaita "kufuatilia." Sheria haina jina zuri hivyo. Kikundi hakina leseni ya udalali, na fomu aliyojaza mwanachama siku ya kuchukua mkopo haiwapi ruhusa ya kuvunja mlango. Mnaweza kushtakiwa kwa kuingia kwa nguvu na hata kwa wizi, na wale waliowatuma asubuhi hiyo hawatakuwa nanyi kizimbani. Afisa wa mkopo husimama barabarani na daftari, mikono mitupu. Mmeona hilo? Anayebeba ni jirani.

Kama mwanachama hana, kaeni naye kwenye kikao, muone biashara yake, mpunguze. Kama anazo na amekataa, mpelekeni Mahakama ya Madai Madogo na karatasi zenu. Na hapo mtajua faida ya karatasi, maana Sheria ya Mikataba, Sura ya 23, inasema huwezi kumshtaki mtu kwa deni alilomdhamini mwenzake kama hakuna maandishi yenye sahihi yake. Kuwa kwenye mkutano siku mkopo ulipotolewa si udhamini. Kupiga makofi si udhamini. Hili linamlinda yule mama aliyeambiwa "na wewe ulikuwepo," na linawafunga nyinyi kama daftari lenu halina sahihi. Mweka hazina, angalia daftari lako leo jioni.

Wako wengine ambao hata tukihesabu vizuri namna gani, hawawezi. Hana mali, ana madeni kati ya laki 1 na milioni 4. Sheria ya Ufilisi ya 2015 ina utaratibu wa mtu asiye na mali, unaoombwa kwa Mpokeaji Rasmi. Akikubaliwa, wadai wanasimama, na baada ya miezi 12 madeni yanayohusika yanafutwa. Ni utaratibu wenye masharti: uongo kidogo juu ya mali yako unauharibu, na wakati huo huruhusiwi kukopa ovyo. Lakini upo, na sijui kwa nini hautangazwi kama mikopo inavyotangazwa.

Kwa msaada, Kituo cha Sheria kimekuwa kikisaidia wasio na uwezo tangu 1973, na kuna Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Mkienda, bebeni mkataba, risiti, taarifa za M-Pesa na barua zote, hata zile mlizoona hazina maana.

Nimesema mengi na jua linashuka. Yule mama wa kikundi cha mboga ameinua mkono tangu nilipotaja chifu. Mpeni nafasi, tuanze naye.